Uvira kwenye Njia ya Misafara: Vituo vya Kutembelea na Ushahidi wa Lugha

Utangulizi

Tarehe 26 Aprili 1858 mitumbwi miwili iliyotoka Ujiji ilifika Uvira, karibu na ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika. Miongoni mwa abiria wake walikuwamo Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, pamoja na Sidi Mubarak Bombay, aliyekuwa msaidizi na mkalimani wao. Burton alikuwa na vidonda vya ulimi vilivyomfanya ashindwe kusema vizuri. Wasafiri hao walikuwa na swali moja kubwa: je, mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka? Iwapo ungekuwa unatoka na kuelekea kaskazini, basi huenda chanzo cha mto Nili kingekuwa kimepatikana. Wana watatu wa mtawala wa Uvira, aliyetajwa kwa jina la Maruta, waliwaambia kwamba walikwisha kuufikia mto huo, nao unaingia ziwani.

Jibu hilo lilikuwa sahihi. Hata hivyo, mwaka 1864 Burton mwenyewe aliliacha, akatetea kwa maandishi rai ya kwamba Rusizi unatoka ziwani. Ilibidi kungoja hadi mwisho wa mwaka 1871, David Livingstone na Henry Morton Stanley walipofika kwenye mlango wa mto huo na kuona kwa macho yao maji yakiingia ziwani. Miaka 13 ilipita kabla neno la watu wa Uvira halijakubaliwa na wanajiografia wa Ulaya, na lilikubaliwa kwa sababu ya macho ya wageni, si kwa sababu ya vinywa vya wenyeji.

Tukio hili linafaa kuwa mlango wa kuingilia mada ya makala haya. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ziwa Tanganyika inajulikana kwa vitu vinavyoonekana: makanisa, ngome, matembe na mawe ya kumbukumbu. Mwaka 2006 Tanzania iliiandikisha katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO kwa kutaja vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Orodha hiyo inaishia ukingo wa mashariki wa ziwa. Lakini misafara haikuishia hapo. Ilivuka maji, ikaenda kaskazini hadi Uvira na magharibi hadi Maniema. Makala haya yanafuata njia hiyo kituo kwa kituo, ili kuonyesha kwamba uchache wa majengo katika sehemu yake ya Kongo si upungufu wa historia. Ushahidi wa huko umo zaidi katika lugha na katika kumbukumbu za watu, nao unastahili kutembelewa na kukusanywa kwa uzito uleule unaopewa mawe.

1. Watangulizi wa njia

Vitabu vingi vya safari huwahesabu Burton na Speke kuwa waliofungua njia. Hesabu hiyo haina msingi. Wazungu hao walipita katika njia iliyokwisha kukanyagwa na wengine kwa miaka mingi, wakiongozwa na watu walioijua. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wanyamwezi walikuwa tayari wakichukua pembe za ndovu kutoka bara na kuzipeleka pwani. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walifuata nyayo zao kuelekea bara. Burton aliambiwa kwamba Waarabu walifika Ujiji kwa mara ya kwanza mnamo mwaka 1840, miaka kama 10 baada ya kuingia Unyamwezi.

Ziwani nako kulikuwa na biashara kabla ya misafara ya pwani. Chumvi ya Uvinza ilisambazwa kuuzunguka ukingo. Magogo makubwa ya kuchongea mitumbwi yalitoka Ugoma, katika ukingo wa magharibi. Mawese, samaki, nafaka, nguo za magome ya miti na vyombo vya chuma vilibadilishana mikono kutoka gati moja hadi jingine. Msafara wa pwani haukukuta nyika tupu. Ulikuta masoko, ukajiunga nayo.

Kazi ya msafara ilikuwa na taratibu zake. Kirongozi alitangulia na bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar. Nyuma yake walifuata wapagazi, kila mmoja na mzigo uliokaribia frasila mbili, yaani kilo zipatazo 32. Bidhaa zilizopelekwa bara zilikuwa hasa nguo na shanga: merikani, kitambaa kisichotiwa rangi kilichotoka Marekani, kaniki, kitambaa cha rangi ya buluu iliyokoza, na shanga za aina nyingi, ambazo kila nchi ilichagua zake. Katika soko la Ujiji shanga ziitwazo sofi zilikuwa ndizo fedha. Mwendo ulikuwa wa taabu. Burton na Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, wakafika Tabora tarehe 7 Novemba, na Ujiji tarehe 14 Februari 1858, yaani baada ya miezi saba na nusu.

Haitoshi kutaja pembe na nguo tu. Katika njia hiyohiyo walipitishwa watu waliotekwa, wanaume, wanawake na watoto, na wengi wao walitoka magharibi ya ziwa. Anayeitembelea njia ya misafara leo hana budi kukumbuka kwamba mahali pamoja palikuwa soko kwa mmoja na msiba kwa mwingine. Bila kukumbuka hivyo, ziara hugeuka kuwa sifa kwa wenye nguvu.

2. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji

Kituo cha kwanza ni Bagamoyo. Jina lake aghalabu hufafanuliwa kwa maneno bwaga moyo, ingawa watu hawakubaliani ni moyo wa nani uliobwagwa: wa mpagazi anayetua mzigo baada ya miezi mingi, au wa mtumwa anayeiona bahari na kukata tamaa. Mabishano hayo yenyewe ni sehemu ya historia, kwa kuwa yanaonyesha jinsi jina moja linavyobeba kumbukumbu mbili. Mgeni atauona mji mkongwe, jengo la kambi ya misafara, na misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa na mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868. Hapo ndipo mwili wa Livingstone ulipofikishwa Februari 1874, baada ya kubebwa kutoka ndani ya bara na watumishi wake, wakiwamo Chuma na Susi. Kusini kidogo ya mji yako magofu ya Kaole, yanayokumbusha kwamba Uswahili wa pwani hiyo ni wa kale kuliko misafara yenyewe.

Kutoka huko njia ilipanda kuelekea Mamboya na Mpwapwa. Mpwapwa palikuwa mahali pa kupumzika na kukusanya chakula, kwa sababu mbele yake kulikuwa na nyika isiyo na maji mazuri, iliyoitwa Marenga Mkali, yaani maji makali. Baada ya nyika hiyo msafara uliingia Ugogo, ambako kila mtawala alidai hongo kabla ya kuruhusu watu kupita na kuchota maji. Kilimatinde kipo upande wa magharibi wa nchi hiyo, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa.

Tabora, ambayo Burton aliiita Kazeh, ilikuwa njia panda. Kutoka hapo misafara iligawanyika: mingine ilielekea kaskazini hadi Karagwe na Buganda, mingine magharibi hadi Ujiji. Huko Kwihara, karibu na Tabora, lipo tembe walimokaa Livingstone na Stanley mwanzoni mwa mwaka 1872, kabla hawajaagana tarehe 14 Machi. Tembe ni nyumba yenye paa bapa la udongo. Ni mtindo wa bara uliochukuliwa na wageni wa pwani na kuongezewa milango na baraza za kwao. Mwanafunzi wa utamaduni atajifunza mengi kwa kulitazama: msafara haukupeleka tu, ulipokea pia.

Ujiji ni kituo cha sita na cha mwisho katika orodha ya mwaka 2006. Wageni hupelekwa mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone, tarehe 10 Novemba 1871 kwa hesabu yake mwenyewe. Pana jumba la makumbusho, mnara, na miembe inayosemwa kuwa ni uzao wa mwembe wa zamani. Jambo moja huwashangaza wengi: mahali hapo pako mbali kidogo na maji, ilhali masimulizi yanahusu bandari. Sababu yake inajulikana. Maji ya ziwa yalipanda sana kufikia mwaka 1878, ndipo yakavunja kizuizi cha matope na mimea kwenye mto Lukuga, karibu na Kalemie ya leo. Katika miaka iliyofuata ziwa lilishuka kwa mita zipatazo 10, na fukwe za zamani zikabaki nchi kavu. Jambo hili ni la kuwekwa akilini, kwa maana litarejea Uvira.

Njia ya miguu ilipoteza kazi yake reli ya kati ilipofika Kigoma mwaka 1914. Siku zilizohesabiwa kwa makambi zikaanza kuhesabiwa kwa stesheni. Lakini mwendo wa watu na bidhaa kuvuka ziwa haukukoma. Ulibadilisha vyombo tu.

3. Ziwani: Ubwari, Mugere na mlango wa Rusizi

Mwaka 1858 wasafiri waliofika Ujiji walitambua kwamba ziwa lina masharti yake. Mwezi Machi Speke alivuka hadi kisiwa cha Kasenge kumtafuta mfanyabiashara Mwarabu aliyekuwa na jahazi, akarudi mikono mitupu. Ndiyo maana safari ya Uvira ilifanywa kwa mitumbwi, chini ya uongozi wa Kannena, mkuu wa Ujiji. Yeye ndiye aliyeamua lini waondoke, wapi walale na wapi wageuke. Mitumbwi ilifuata ukingo wa mashariki, ikavuka kwenda Ubwari, rasi ndefu inayoonekana kama kisiwa kwa anayeitazama kutoka mbali, kisha ikapanda kaskazini kwa ukingo wa magharibi hadi Uvira. Waliowapokea waliwaonya kuhusu watu wa mlangoni mwa Rusizi, na Kannena akakataa kwenda mbele. Wasafiri walirudi mwezi Mei wakiwa na maneno waliyoambiwa tu.

Livingstone na Stanley, walipofanya safari kama hiyo mnamo Novemba 1871, walifuata ukingo wa Burundi. Katika bonde la Mugere, kusini kidogo ya Bujumbura, lipo jiwe kubwa lililochongwa majina yao na tarehe 25 Novemba 1871. Wageni wengi hudhani kwamba hapo ndipo walipokutana kwa mara ya kwanza. Sivyo: walikuwa wamekwisha kukutana Ujiji, na hapo walipita na kulala tu. Kosa hilo lina mafunzo kwa mwanahistoria. Jiwe halijielezi. Linahitaji masimulizi, na masimulizi yakipotea, jiwe hubaki likisema uongo bila kukusudia.

Kutoka Mugere msafiri huingia Bujumbura, ambako mtaa wa Buyenzi ni kituo kisicho na mnara. Wengi wa wakazi wake wa kale walitokana na watu wa njia hiyo: Wamanyema, Wajiji na wengineo waliokuwa wamejumuishwa chini ya jina la Waswahili. Misikiti na Kiswahili cha mtaa huo ni urithi wa misafara katika nchi ambayo mfalme wake, Mwezi Gisabo, aliyazuia majeshi ya wafanyabiashara wa ziwani katika karne ya 19. Kutoka Bujumbura hadi Uvira ni mwendo usiofika kilomita 30, kupitia bonde la Rusizi na mpaka wa Kavimvira.

4. Uvira: kituo kisicho na mnara

Katika maelezo ya Burton, Uvira ilikuwa mahali pa mbali kabisa kaskazini palipofikiwa na wafanyabiashara wa pwani, na soko kubwa la upande huo. Watu walikwenda huko kununua pembe, watumwa, nafaka, nguo za magome na vyombo vya chuma. Katika miaka ya 1880 Muhammad bin Khalfan, ajulikanaye kwa jina la Rumaliza, akiwa na makao Ujiji, alitandaza uwezo wake katika sehemu hizo za kaskazini, hadi vita vya miaka 1892 hadi 1894 kati ya Dola Huru ya Kongo na wafanyabiashara hao vilipommaliza nguvu.

Msomaji anaweza kuuliza: basi mgeni aonyeshwe nini Uvira? Swali ni la haki. Mji umejengwa kwenye ukanda mwembamba kati ya milima na maji, na mitaa yake, kama vile Nyamianda, Mulongwe, Kimanga na Kalundu, ni ya watu wanaoishi na kufanya kazi, si ya kumbukumbu. Tena, ukingo wa leo si ule wa mwaka 1858. Lile ziwa lililoiacha Ujiji nchi kavu baada ya 1878 liliuhamisha na ukingo wa Uvira. Mwelekeo wa maji umewahi pia kugeuka: Aprili 2020 mafuriko ya mto Mulongwe yaliharibu sehemu kubwa za mji, na katika miaka iliyofuata, hasa 2021 na 2024, kupanda kwa ziwa kuliingiza maji katika nyumba na bandari ya Kalundu. Anayetafuta mahali hasa mitumbwi ya Kannena ilipofika anatafuta ufuko ambao maji yameuchora na kuufuta zaidi ya mara moja.

Hata hivyo, kipo kitu kimoja cha wakati wa misafara ambacho kila mgeni hukiona kabla hajashuka garini, nacho ni jina la mji. Wenyeji wa asili ni Wavira. Katika lugha za jirani nchi ya watu hutajwa kwa kiambishi bu-: nchi ya Wafuliru ni Bufuliru, ya Wabembe ni Bubembe, ya Warundi ni Burundi. Kiswahili cha pwani hutumia u- mahali pa bu-: Unyamwezi, Ugogo, Ujiji, Uvinza, Uguha. Umbo Uvira ni la mfululizo huo. Ni jina la wenyeji lililovikwa kiambishi cha Kiswahili, likaandikwa hivyo katika daftari za wasafiri, kisha katika ramani, kisha katika mihuri ya serikali. Jirani yake aliitwa Urundi kwa njia hiyohiyo, lakini mwaka 1962, wakati wa uhuru, alirudia umbo la kwao, yaani Burundi. Uvira ilibaki na u- yake. Kila kibao kinachosomeka Uvira ni mnara wa njia ya misafara, mkongwe kuliko jengo lolote la kikoloni lililomo mjini.

Ushahidi wa pili ni Kiswahili chenyewe. Mgeni atokaye Bukavu au Lubumbashi huona upesi kwamba Kiswahili cha Uvira na cha ukingo wa ziwa kinaelekea cha Kigoma kuliko cha miji ya ndani. Ukaribu huo hauelezeki kwa shule peke yake. Ni matunda ya mawasiliano ya muda mrefu ya wavuvi, wauza dagaa, mabaharia, wakimbizi na ndugu waliotenganishwa na maji lakini hawakuacha kutembeleana. Sokoni na bandarini, Kivira, Kifuliru, Kibembe na Kirundi hukutana, na Kiswahili ndicho huamua bei.

Ushahidi wa tatu ni kumbukumbu za wazee: za koo, za ndoa, za safari za ng'ambo, za namna misikiti ilivyoanza, za familia ambazo babu yao aliletwa bila hiari. Kumbukumbu za aina hii haziwezi kutembelewa kama magofu. Zinahitaji mtu wa kukaa, kuuliza kwa adabu, kusikiliza na kuandika.

5. Kutoka Baraka hadi Nyangwe

Sehemu ya mwisho ya njia inaelekea magharibi. Kusini ya Uvira, kwenye ghuba iliyoko nyuma ya rasi ya Ubwari, upo mji wa Baraka, ambao jina lake halihitaji kutafsiriwa kwa Mswahili yeyote. Kutoka ukingo huo na kutoka Uguha iliyoko kusini zaidi, misafara ilipanda milima kuelekea Kabambare. Huko ndiko Livingstone alikokaa miezi mingi katika mwaka 1870 akiuguza vidonda vya miguu.

Mbele ya Kabambare ni Kasongo, makao ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aitwaye Tippu Tip, na baada yake Nyangwe, kwenye ukingo wa mto Lualaba. Tarehe 15 Julai 1871 Livingstone alishuhudia watu wa wafanyabiashara wakifyatua risasi katika soko la Nyangwe. Mamia walikufa, wengi wao wanawake waliokuja kuuza mazao. Habari za siku hiyo, zilipofika Uingereza, zilichangia shinikizo lililoleta mkataba wa mwaka 1873 wa kufunga masoko ya watumwa ya Zanzibar. Nyangwe ilitekwa na majeshi ya Dola Huru tarehe 4 Machi 1893, na Kasongo tarehe 22 Aprili mwaka huo. Aliyeshinda hakuja kuwafungua watu. Alikuja na utawala wa mpira na kazi za kulazimishwa, ambao madhara yake yanajulikana.

Kwa mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili, Kasongo ina umuhimu wa pekee. Tippu Tip aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, na Heinrich Brode akazichapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Ni miongoni mwa maandiko ya mwanzo ya nathari ya Kiswahili kuhusu maisha ya mtu aliyejiandika mwenyewe, na sehemu kubwa ya matukio yake yametokea katika ardhi ya Kongo. Kwa hiyo Kongo haikupokea Kiswahili tu. Ni mahali ambapo mojawapo ya maandiko yake makuu lilipata mambo ya kusimulia. Sharti lisomwe kwa tahadhari, kwani aliyeshika kalamu ndiye aliyeshika bunduki. Wale walioonja bunduki hiyo hawakuacha kitabu, waliacha masimulizi.

6. Je, Kiswahili ni lugha ya utumwa?

Mtu akifuata njia hii kwa uaminifu, hawezi kulikwepa swali linaloulizwa mara kwa mara katika vyumba vya masomo vya mashariki ya Kongo: ikiwa Kiswahili kiliingia kwa njia ya biashara ya watumwa, je, anayekifundisha hafundishi lugha ya wateka watu? Kulikana jambo lenyewe si jibu. Kiswahili kilifika Maniema na ziwani kwa misafara, na misafara ilichukua watu.

Jibu linaanza kwa kuuliza ni nani hasa waliokisema. Wafanyabiashara wakubwa walikuwa wachache. Waliokisambaza Kiswahili walikuwa wapagazi Wanyamwezi, wapiga makasia Wajiji, wanawake walioolewa kambini, wapishi, wakalimani kama Bombay, ambaye mwenyewe alikuwa ametekwa utotoni kutoka nchi ya Wayao, na mateka waliotoka makabila mbalimbali, ambao hawakuwa na lugha nyingine ya kuelewana wao kwa wao. Jina lenyewe la Kiswahili cha Kongo, Kingwana, latokana na waungwana, yaani watu huru. Aliyetekwa alijifunza lugha ya waungwana, na mwisho wake wajukuu wake wakawa ndio wenye lugha. Kwa maana hiyo Kiswahili ni mali ya waliofungwa sawasawa na ya waliofunga, na huenda ni yao zaidi, kwa kuwa ndio walioibakiza.

Maneno nayo yameihifadhi historia hiyo. Hongo lilikuwa jina la ushuru aliolipwa mtawala kwa haki, leo ni rushwa. Posho lilikuwa fungu la chakula la mpagazi, leo ni malipo ya mtumishi aliyetumwa kikazi. Merikani ni kitambaa kilichochukua jina la nchi kilikotoka. Mwalimu anayefundisha msamiati huu bila kutaja njia ya misafara humpa mwanafunzi maganda, akamnyima kokwa.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba njia ya misafara haikuwa na mwisho Ujiji, na kwamba sehemu yake iliyo Kongo ina ushahidi wa namna nyingine. Anayetaka kuitembelea na aulize kwanza hali ya usalama, kwa sababu ukingo wa kaskazini wa ziwa na njia za Fizi na Maniema zimepata misukosuko mingi katika miongo ya karibuni. Lakini kazi kubwa zaidi haihitaji safari ndefu. Idara za Kiswahili na za historia zinaweza kuwapa wanafunzi kazi ya kukusanya majina ya mahali, istilahi za mitumbwi na uvuvi, na masimulizi ya koo kutoka mtaa hadi mtaa, kuanzia Kavimvira hadi Kalundu na kuendelea hadi Baraka. Kazi hiyo ina haraka. Wazee wanaondoka, vita vimewahamisha watu na kumbukumbu zao, na maji yenyewe yameonyesha kwamba hayaheshimu mahali penye historia.

Mwaka 1858 wana wa Maruta walisema neno la kweli kuhusu mto wao, nalo halikuaminiwa kwa miaka 13 kwa sababu lilikuwa neno la mdomo tu. Si vizuri vyuo vya nchi hizi vikarudia kosa hilo kwa wajukuu wa wana hao.